Embe Mbichi na Mfalme wa Kilimani

Juzi niliunguza vitunguu vya biriani kwa sababu ya watu wenye masikio ya ncha. Mpwa wangu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko na simu yake, akitazama moja ya zile tamthilia za watu wanaopanda farasi weupe ndani ya ukungu. Nikamsogelea na mwiko mkononi ili nimwambie apunguze sauti. Sikumwambia. Nilisimama nyuma yake mpaka moshi ukatujia sote wawili.

"Shangazi! Kwani na wewe wazipenda hizi?"

"Mimi? Nna kazi mimi. Huyo mwenye upinde amekufa?"

"Hajafa."

"Haya. Nenda ukaninunulie vitunguu vyengine."

Mimi ni mtu wa ndani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko yenyewe bado yanaendelea. Napikia watu biriani na mahamri, wanakuja kuchukua mlangoni, na ikinibidi kabisa kufika Ganjoni, hapa hapa Mombasa, kwa daktari wa meno, huanza kuaga tangu jana yake kama niendaye Hija. Lakini iko nchi moja niliyokaa sana, nchi ya vitabuni, ya vilima vya kijani na mvua isiyokwisha. Nikiikumbuka naona haya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akipiga vigelegele, kisha akaona kuwa ni matanga.

Vitabu vyenyewe vilitoka Shimanzi, kwenye maghala ya bandari. Ami Badi, mume wa Khalati Zuhura, dada mdogo wa mamangu, alikuwa karani wa ghala huko. Siku moja katoni la vitabu liliingia maji, mwenye mzigo akalikataa, makarani wakagawana. Wenzake walichagua vya mapishi na vya hesabu za watoto wao. Yeye akaniletea mimi vitabu vitatu vinene, hadithi moja iliyokatwa mapande matatu, vimevimba kwa maji kama mahamri yaliyokolea hamira. Alivichagua kwa sababu jaladani palikuwa na msichana na farasi, na kwa sababu yeye na Khalati Zuhura hawakujaliwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na nilikuwa sikatai kitu.

Kiingereza changu cha shule ya msingi kilikuwa cha kuungaunga, lakini nilikikaza. Hadithi ilitoka katika ngano za watu wa zamani wa visiwa vya baridi, walioamini kwamba ndani ya vilima vyao wanaishi watu wengine, warefu, wazuri, wasiozeeka, wapigao vinubi na wanaoiba wachumba wa watu. Ukila chakula chao, hutoki. Ukikaa kwao siku moja, huku nje umepita mwaka. Kulikuwa na mfalme wao aliyepotea vitani, na mkewe alikuwa akimngoja ndani ya kilima, taji limewekwa juu ya kiti kitupu.

Niwaambie kilichonipendeza, na msinicheke. Panga na mazimwi nilikuwa nikiyaruka. Nilipenda kwamba kule kila kitu kilikuwa na maana. Ndege akitua dirishani, ameleta habari. Ajuza akikuomba maji njiani, si ajuza wa bure, mpe upesi. Kwetu kunguru alitua dirishani akaiba changu wawili waliokaangwa, basi, hadithi ikaishia hapo, na mimi nikapigwa kwa kutolinda samaki. Mtoto aliyekulia hivyo, ukimwambia iko nchi ambako hata kunguru ana ujumbe, atahamia huko na mkeka wake.

Kisha Ami Badi akafariki. Alirudi kutoka kazini adhuhuri akisema kifua kinambana, akajilaza kidogo, asiamke. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Rehema, aliyekaa orofa ya chini ya nyumba ile ile ya Ami, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, ng'ambo ya kichochoro kutoka kwetu. Bi Rehema hakulia mbele ya watu. Alifunga madirisha yake ya upande wa barabara, akakaa ndani na tasbihi, na kila aliyemwamkia alimjibu kwa neno moja, kisha akarudi kwenye shanga zake.

Huko juu, Khalati Zuhura aliingia eda. Nyote mwaijua: mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki bila dharura, hajipambi, haguswi na wanja wala hina wala moshi wa udi. Mama akaniambia, "Ukitoka chuoni kusoma Kurani, nenda ukakae na khalati yako. Usimwache akazungumza na kuta."

Nilipomkuta amevaa nguo zisizo na rangi, hana hata kipini puani, akiwa kwenye kile chumba cha nyuma ambacho jua hufika kwa kuomba ruhusa, nilijua mara moja kilichotokea. Si kwamba sikujua kufa ni nini. Nilijua. Lakini nilijua pia kwamba Khalati ameingizwa kilimani.

Siku za mwanzo nilikuwa nikisoma kimya pembeni yake. Siku moja akaniuliza, "Wasoma nini chenye kukufanya uvute pumzi hivyo kama mwenye pumu?"

"Hadithi, Khalati."

"Ya nini?"

"Ya watu wanaokaa ndani ya kilima."

"Majini."

"La, si majini. Hawa wana masikio marefu."

"Na majini wana masikio gani? Wewe umeyaona?" Akasogeza mto. "Haya, hebu nisomee. Lakini kwa maneno ya watu, si hicho Kizungu chako cha puani."

Ndivyo nilivyoanza kusoma kwa macho Kiingereza na kwa mdomo Kimvita. Mti wasioujua wakazi wa Mombasa niliugeuza mbambakofi. Theluji niliiita barafu inayokunwa kama nazi. Ilikuwa kaskazi, jua la kukaushia papa, na umeme ukikatika chumba kile kilikuwa tanuri. Khalati angejipepea na upepeo wa ukindu, kisha aseme, "Nisomee pale penye ukungu." Nami ningetafuta pale msichana anapovuka mto alfajiri, maji baridi yamemfika magotini, na Khalati angefumba macho na kuvuta miguu ndani ya kanga kama kwamba kweli kuna baridi.

Alikuwa akicheka. Hilo ndilo nililolificha sana. Mfalme wa upande wa adui alikuwa na mshauri mnafiki, na Khalati akampa jina la jirani yetu mmoja ambaye simtaji, maana wanawe wako hai na wananunua mahamri kwangu. Kila akitokea mshauri yule, Khalati alijiziba mdomo kwa pembe ya kanga, mabega yakitikisika. Mama mmoja aliyekuja kumhani na kumpa pole alitukuta hivyo siku moja, akasimama mlangoni na kikapu chake.

"Subhanallah. Badala ya kumsomea marehemu Yasini, wamsomea mkewe mashetani?"

"Yasini tushasoma asubuhi, bibi," akasema Khalati kwa adabu zote. "Hawa ni wa alasiri."

Yule mama alipoondoka tulicheka mpaka nikapata kwikwi. Chini yetu, nyuma ya madirisha yaliyofungwa, kulikuwa na mama aliyezika mwana wake wa pekee, na dari ya nyumba zile za kale ni boriti na udongo tu. Sauti hupita. Sikulifikiri hilo wakati ule. Siku hizi hulifikiri hata nikiwa sikutaka.

Tulimaliza kitabu cha kwanza, tukaingia cha pili, na hapo nikapata habari iliyonichoma: eda ikiisha Khalati atarudi Lamu kwa babu. Nyumba ilikuwa ya Bi Rehema, mume hayupo, mtoto hayupo, hana la kukaa Mombasa. Nilipiga hesabu kwa namna ya mtoto, nikaona kitabu cha tatu hakitafikiwa. Mfalme atabaki amepotea na Khalati atapanda basi.

Siku ile ile, au iliyofuata, nikawasikia wanawake barazani kwetu wakizungumza wakipepeta mchele. "Hana mzigo lakini?" mmoja akauliza. "Maana angekuwa na mimba, eda yake ingekuwa mpaka ajifungue." Mama akajibu, "Mungu ndiye ajuaye," wakahamia bei ya mchele. Mimi sikuhama.

Tena kitabuni mlikuwa na jambo. Watu wa kilimani walikuwa na uaguzi kwamba siku malkia atakapotamani matunda machungu, mfalme aliyepotea ataanza safari ya kurudi, na atarudi akiwa mtoto mchanga, akibembezwa katika susu la mkewe mwenyewe. Na Khalati, ambaye tangu mazishi chakula kilikuwa hakimpiti, alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka: embe mbichi, iliyokatwa vipande, kwa chumvi na pilipili. Asubuhi moja ya Jumamosi alikula akamaliza sahani, kisha nikamsikia msalani akitapika. Tumbo tupu, pilipili nyingi, ungetaka nini? Lakini mimi nilibaki nimesimama na sahani, nywele zimenisisimka. Ndege alikuwa ametua dirishani, na safari hii hakuwa mwizi wa samaki.

Nilishuka kuosha sahani. Bi Rehema alikuwa amekaa penye giza lake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kisha, jambo lisilo la kawaida, akaendelea. "Mwenzio huko juu yuwala?"

"Yuwala embe mbichi, Bibi. Halafu yuwatapika."

Tasbihi ikasimama. "Yuwatapika lini?"

Nimekaa na swali lile miaka mingi. Nilichokiona kilikuwa asubuhi ile, mara moja. Neno la kweli lilikuwa fupi na lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa na kitabu kizima cha tatu ambacho hakijasomwa, na basi la Lamu, na nikamwangalia Bi Rehema na kumwambia, "Kila asubuhi."

Aliinuka. Mwanamke yule wa magoti mabovu aliinuka bila kushika ukuta, akanivuta, akanikumbatia mpaka nikasikia moyo wake ukigonga kwenye sikio langu. Akafungua bweta lake akanipa kipande cha halua kikubwa kuliko mkono wangu. Kisha akaniwekea kidole mdomoni.

"Usimwambie mtu. Hata mamako. Na yeye mwenyewe usimwambie kuwa najua. Mimba changa haitajwi, mwanangu, kuitaja ni kuiitia kijicho. Akiwa tayari atasema."

Basi hakuna aliyesema. Hiyo ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri, huziba midomo ya wabaya. Iliuziba na ukweli pia. Khalati hangeulizwa, Bi Rehema hangeuliza, na mimi nilikuwa natafuna halua.

Madirisha ya chini yakafunguliwa. Supu ya kuku ikaanza kupanda ngazi, na maziwa ya moto yenye hiliki, na mkate wa mayai. Khalati aliyaangalia masinia yale akashangaa. "Mamkwe amekuwaje? Yuwaninenepesha, ataka kunichinja Idi?" Nikacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, nikafungua kitabu upesi. Siku moja nilipopita chini nilimkuta Bi Rehema amelishusha susu alilolazwa Ami Badi utotoni kutoka juu ya kabati, kamba zake zimelegea, akilifuta vumbi kwa mafuta ya nazi. Kando yake palikuwa na kanga kuukuu alizokuwa akizichana ziwe winda za mtoto, polepole, kwa kufuata mstari wa ua. Alikuwa akiimba kwa puani. Aliponiona alinikonyeza. Mimi na Bi Rehema tulikuwa na siri, na sijawahi kupendwa na mtu mzima namna ile, si kabla wala baada.

Mtaniuliza kama nilijua nilichokifanya. Nusu nilijua. Nusu nyengine ilikuwa imehamia kilimani, ambako uaguzi haukosei, na ambako mfalme alikuwa tayari amepanda farasi. Nilikuwa nikihama kutoka nusu hii kwenda ile kwa kadiri ilivyonifaa, kama paka mwenye nyumba mbili.

Alasiri moja Bi Rehema alipanda ngazi mwenyewe, sinia mkononi. Hakuwa amepanda tangu msiba. Tulimsikia akihema kila kidato, na Khalati akainuka kumpokea.

"Mama! Ungeniita, ningeshuka mimi."

"Kaa, mwanangu, kaa. Wewe si wa kushuka na kupanda." Akaweka maziwa chini, akaketi kitandani, akatazama chumba kwa raha. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita kitambo. Mswala ulikuwa umekunjwa ukutani. "Ushasali? Au wangoja huyu akumalizie hadithi yake?"

Khalati akainamisha macho kidogo, kama tufanyavyo. "Leo sina sala, mama."

Mimi sikuelewa. Msichana wa leo angeelewa, na kila mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo anaelewa: siku za mwezi zimemfika, na mwenye siku zake hana mimba. Nilichokiona ni uso wa Bi Rehema tu. Haukubadilika. Ulikaa vile vile, na tabasamu lake juu yake, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa asubuhi. Kisha akanigeukia.

"Kila asubuhi, ulisema?"

"Mara moja, Bibi," nikasema. "Niliona mara moja."

Nilingoja kofi. Ningelifurahia, Wallahi. Lakini yeye alitikisa kichwa taratibu akasema, "Na mimi nilitaka iwe kila asubuhi."

Khalati akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia maziwa. Nikaona jinsi kila kitu kilivyompangikia usoni, supu, mkate wa mayai, madirisha yaliyofunguliwa. Alishuka kitandani akapiga magoti sakafuni, akaushika mguu wa mamkwe wake.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nisamehe."

Yeye! Yeye ambaye hakutenda lolote isipokuwa kula embe! Aliomba msamaha kwa kutokuwa na mimba, na mimi niliyestahili kuomba nilikaa na kidole ndani ya kitabu ili nisipoteze ukurasa.

"Inuka," akasema Bi Rehema. "Kunywa maziwa yako, yashapashwa."

Eda iliisha kwa siku yake. Khalati alikwenda Lamu, na baadaye akaolewa tena, akajaliwa watoto watatu mfululizo. Kila mimba alinipigia simu: "Mkunga wangu, wasemaje, ni kweli hii au ni embe?" Jina limenishika. Ndugu zangu wananiita Mkunga mpaka leo, hata wale wasiojua lilikotoka, na mimi huitika, hucheka pamoja nao. Khalati alinisamehe kwa kunitania, na ndivyo watu wetu husamehe. Sijui ni kwa nini haijanitosha.

Labda ni kwa sababu Bi Rehema hakutania. Baada ya Khalati kuondoka, madirisha hayakufungwa tena, lakini ndani hamkuwa na mtu mwengine. Siku moja aliniita nikipita kichochoroni.

"Kile kitabu, unacho bado?"

"Ninacho, Bibi."

"Njoo unisomee. Nilikuwa nawasikia mkicheka huko juu. Sikupata maneno, nilipata kicheko tu."

Nilikwenda. Nikaanza tangu mwanzo, kwa farasi na ukungu, na yeye alisikiliza akichambua mchicha. Alipenda yale yale aliyoyapenda Khalati, na alimchukia mshauri mnafiki kwa dhati. Tulipofika kwenye kiti kitupu chenye taji aliacha kuchambua.

"Na huyu mfalme, yuwarudi?"

Wakati huo nilikuwa nimeshakimaliza cha tatu peke yangu. Anarudi. Analia ndani ya susu, malkia anamnyanyua, vilima vyote vinapiga vinubi. Ni ukurasa mzuri, na nilikuwa nimeusoma nikiwa nimejifungia chooni kwa aibu.

"Yuko njiani, Bibi," nikasema.

Nikamweka njiani. Nilimvusha mito ambayo mtungaji hakuijua. Nilimtia msituni, nikampoteza, nikamlaza kwa wachunga mbuzi, nikampa farasi kilema. Nilimaliza shule, nikawa mtu mzima, bado nilikwenda alasiri na kile kitabu kilichovimba, nakifungua popote na kutazama maandishi huku nikitunga. Nilidanganya mara ya kwanza ili niipate hadithi yangu. Mara hizi nyengine nilidanganya ili asifikie mwisho wake, asije akamwona mama mwengine akirudishiwa mtoto. Najiuliza kama uwongo wa pili hulipa wa kwanza au huongezea. Sijapata wa kumuuliza.

Mwishoni Bi Rehema alikuwa hainuki. Nilimkuta ameogeshwa, amelazwa karibu na dirisha, mikono yake myepesi juu ya shuka. Nikaketi, nikafungua kitabu.

"Amefika wapi?" akauliza.

"Amefika mtoni, Bibi. Mto umejaa. Yuwangoja maji yapungue."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, pale pale nilipokuwa najifanya nasoma.

"Mwambie asijisumbue kuvuka," akasema. "Akae huko huko. Mimi ndiye niendaye."